Daktari wa kuku

Najua nimepotea. Nilikuwa nyumbani Manyoni kwa wiki mbili, na nimerudi mjini na jambo moja limenikaa kichwani. Leo nalitoa. Ni habari ya kuku, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa siasa tu, wiki hii nisamehe.

Ukiwauliza wanafunzi wa udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, daktari wa wanyama wadogo ni nani, watakuambia ni yule anayetibu mbwa na paka. Ndivyo vitabu vyao vinavyosema. Huyo ndiye mwenye kliniki nzuri Masaki au Mikocheni, meza ya kung'aa, mizani, na bango la mbwa mwenye ulimi nje. Sina ugomvi naye. Lakini hebu mlete Singida. Mbwa wapo, tena wengi, wanalinda mbuzi na ng'ombe mchana na usiku. Ila mimi tangu nizaliwe sijaona mtu Singida akimpakia mbwa kwenye bajaji kumpeleka kwa daktari. (Asikudanganye mtu kwamba hatuwapendi. Kuna wazee huwasifia mbwa wao kuliko wanavyowasifia watoto waliowasomesha.)

Mnyama mdogo wa Singida ni kuku. Nani asiyemjua? Ukipita stendi utaona matenga yanapangwa juu ya basi, vichwa vinachungulia kwenye matundu. Ukifika Dar es Salaam utakuta kibao cha "Kuku wa Singida" kwenye kila baa, hata kama huyo kuku amezaliwa Chanika na Singida hajaiona. Jina limekuwa mali. Sasa swali langu ni hili: daktari wa huyo kuku ni nani?

Nilianza kwa kumuuliza baba yangu mdogo, ambaye alikuwa afisa mifugo mpaka alipostaafu. Nilimkuta amekaa chini ya mti, redio mkononi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniandika gazetini?"

"Nimekuja kukuuliza habari za kuku."

Akacheka mpaka akazima redio. "Kuku? Sisi tulisomea ng'ombe bwana."

Akanieleza. Wakati wao kazi ilikuwa majosho, chanjo za ng'ombe, kukagua nyama machinjioni. Mwisho wa mwezi walijaza fomu: ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, kondoo, punda. Safu ya mwisho ilikuwa ya kuku. "Hapo tulikuwa tunakisia," akasema bila aibu yoyote. Nani angeingia kila ua kuhesabu kuku? Na mwenye kuku alikuwa nani? Mama wa nyumba. Mkutano wa mifugo walikuja wanaume, wakazungumza ng'ombe, wakatawanyika.

Nimelifikiria sana hilo. Mifugo iliyohesabiwa vizuri ni ya baba. Mifugo iliyokisiwa ni ya mama.

Ngoja nieleze kwa nini linanigusa. Nilipofaulu kwenda kidato cha kwanza, mwaka 2009, ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. (Ada hiyo ilifutwa mwaka 2016, wadogo zangu hawaijui.) Ongeza sare, madaftari, viatu, na michango ambayo haikuwa na mwisho. Ng'ombe hakuuzwa. Ng'ombe huuzwa kwa mambo makubwa, na binti kwenda sekondari halikuwa limefikia ukubwa huo. Mama aliuza majogoo na mitetea, akafunga miguu, akawapeleka mnadani mwenyewe. Mimi nilivaa viatu vya kuku, kwa hiyo mtu akiwadharau kuku mbele yangu huwa natazama viatu.

Mwaka uliofuata ukaja mdondo.

Wengine mnauita kideri. Kama hujawahi kuuona, nikueleze. Asubuhi kuku mmoja anasinzia, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Anaharisha kijani. Wengine wanakoroma, wengine shingo inapinda wanatazama mbinguni. Kesho yake wako watano. Keshokutwa unazoa. Kundi ambalo halijachanjwa linaweza kwisha lote, au karibu lote. Sisi tulibaki na vifaranga viwili na jogoo mmoja kiwete, na muhula huo mama alikopa kwa jirani ambaye naye kuku wake walikuwa wanasinzia. Huja zaidi miezi ya kiangazi, wakati vihenge vinaanza kuonekana chini na kila nyumba inategemea kuuza kitu.

Kitaalamu ugonjwa huu unaitwa Newcastle, kwa sababu mwaka 1926 ulionekana kwa kuku wa mji wa Newcastle, Uingereza. Mwaka huo huo ulionekana pia Java, Indonesia. Chanjo zake zipo miaka mingi. Tatizo ni kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya mabanda ya kuku elfu: zinataka jokofu kutoka kiwandani mpaka kwenye mdomo wa kuku, na zinakuja kwenye chupa za dozi nyingi. Mama yangu ana kuku kumi na wanane na hana jokofu. Kwa miaka mingi sayansi haikuwa na jibu kwa mtu kama mama yangu, si kwa ubaya, ila hakuna aliyemfikiria.

Aliyemfikiria alikuwa mwalimu mmoja wa virusi vya mifugo kule Australia, Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland. Huko Queensland walikuwa na kirusi cha Newcastle kisichougua kuku, kinaitwa V4. Spradbrow na wenzake walichagua aina yake inayovumilia joto, wakaijaribu Malaysia kwa kuku wa vijijini. Ilifanya kazi. Lakini V4 ikawa bidhaa ya kampuni, na bidhaa ya kampuni ina bei ya kampuni. Basi miaka ya 1990 wakatafuta kirusi kingine cha namna hiyo hiyo, wakakiita I-2, na hiki wakaamua kukitoa bure kwa maabara za nchi maskini zikitengeneze zenyewe. Naomba usome tena sentensi hiyo. Kuna mtu alikuwa na mbegu ya dawa mkononi akaamua kuigawa.

Mbegu hiyo ilifika Temeke, Dar es Salaam, kwenye maabara ya mifugo ambayo tangu 2012 ni makao ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Watanzania waliifanyia kazi yao wenyewe. Mwaka 2000 Philemon Wambura na wenzake walichapisha majaribio ya I-2 kwa kuku wa kisasa na kuku wa kijijini wa hapa kwetu. Chanjo iliyotoka hapo wafugaji wanaijua kwa jina la TEMEVAC. Hiyo "Teme" ni Temeke. Nilipolijua hilo nilifurahi kama mtoto, sijui kwa nini.

Sasa ndiyo tunafika kwa daktari wangu.

Anaitwa Robyn Alders. Ni mama wa Kiaustralia aliyekulia shambani, akasomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sydney, kisha shahada ya uzamivu. Mtu wa namna hiyo angeweza kufungua kliniki yake mjini, akatibu mbwa wa wakili na paka wa mke wa waziri. Badala yake alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Zambia, na miaka ya 1990 akahamia Msumbiji, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka vitani, kufanya kazi ya kuku wa vijijini. Msumbiji ya wakati ule mifugo mikubwa ilikuwa imeteketea kwa vita. Kuku ndiye aliyekuwa anaweza kurudi haraka.

Kinachonivutia kwake si sindano, maana hakuna sindano. Ni ualimu. Mwaka 2001 yeye na Spradbrow walitoa kitabu cha mwongozo wa kudhibiti Newcastle kwa kuku wa kijijini, na mwaka 2002 yeye na wenzake wakatoa kingine, cha kufundishia wale watakaowafundisha wachanjaji. Mchanjaji mwenyewe si daktari wala afisa mifugo. Ni mwanakijiji. Wengine hawasomi vizuri, kwa hiyo mafunzo yanatumia picha, maigizo, na kushika kuku halisi.

Ukiisikiliza kazi yenyewe unaweza kuidharau: tone moja kwenye jicho la kuku. Kifaranga tone moja, jogoo tone moja. Basi. Lakini chini ya tone hilo kuna mambo mengi. Chupa ya matone lazima ipimwe kwanza, ujue inatoa matone mangapi, maana tone dogo mno halina kinga ya kutosha na tone kubwa mno linamaliza chanjo kabla ya kuku kwisha. Chupa ishikwe wima, isilale, ili matone yalingane. Usimwachie kuku mpaka tone lizame. Mvumilivu wa joto si mtu wa kuota jua: chanjo kavu ya I-2 ikikaa gizani inaweza kuhimili wiki 8 kwenye joto la nyuzi 28, lakini ukiiacha juani umeiua. Kwa hiyo unaibeba imefungwa kwenye kitambaa kibichi, kivulini. Na la mwisho, ambalo ndilo gumu kuliko yote kulifundisha: chanjo haimtibu kuku mgonjwa. Unamchanja mzima, tena wiki kadhaa kabla ugonjwa haujaja, kisha unarudia kila baada ya miezi 3 au 4, wakati hakuna mtu anayeuona huo ugonjwa.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mchanjaji. Unamwambia jirani yako alipe fedha kwa ajili ya kuku ambaye yuko mzima anakimbia uani. Daktari wa mbwa hana shida hiyo, mgonjwa wake analia mlangoni.

Kati ya 2002 na 2005 Australia ilifadhili mradi wa kudhibiti Newcastle katika nchi tatu: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Alders alikuwa mmoja wa waliouendesha. Mwenzake wa karibu katika miaka hiyo yote ni Brigitte Bagnol, ambaye si daktari bali mtaalamu wa masuala ya jamii na jinsia, na nadhani bila yeye habari hii ingekuwa nyingine. Bagnol aliuliza lile swali la baba mdogo kwa upande wa pili: kama kuku ni wa akina mama, kwa nini mnaowaita kwenye semina ni wanaume? Mwanamume mchanjaji hawezi kuingia ua wa mtu alfajiri wakati mume hayupo. Mwanamke anaingia, anapiga hodi, anakaribishwa, na kuku bado wako ndani hawajatawanyika. Haki za wanawake na ufanisi wa chanjo vinakutana hapo hapo mlangoni.

Na hapa ndipo wanafika kwetu. Kuanzia 2014 Alders na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, pamoja na TVLA, Sokoine na Taasisi ya Chakula na Lishe, walianza kazi katika Wilaya ya Manyoni, kata za Sanza na Majiri. Mradi uliitwa Nkuku4U. Jina la ujana ujana, lakini kazi ilikuwa nzito: kuchanja kuku, na wakati huo huo kufuatilia chakula cha nyumba zile na kimo cha watoto wadogo kadiri wanavyokua.

Kwa nini kimo cha mtoto kiwe kazi ya daktari wa kuku? Nilijiuliza hivyo hivyo. Huku kwetu udumavu ni jambo la zamani. Ugali wa uwele upo, mlenda upo, lakini nyama na mayai ni vitu vya kuhesabu. Na mayai hatuli hovyo, si kwa ujinga kama wengine wanavyotusema. Yai ni kuku wa kesho. Kama unajua mdondo utakuja na kuzoa nusu ya kundi, mwenye akili anaacha kila yai liatamiwe ili abaki na wa kuanzia. Ukimhakikishia mama kwamba kuku wake hawatakufa, ndipo anapata ruhusa ya moyo kumkaangia mtoto yai. Kwa hiyo yai la mtoto linaanzia kwenye jicho la kuku.

Kuna jingine. Nyumba nyingi za kwetu, hasa za tembe, kuku hulala ndani pamoja na watu. Ukiwaacha nje, kicheche anakula, na kama si kicheche ni kijana mwenye njaa ya mchuzi. Wataalamu wa afya kwa miaka wamekuwa wakituambia tuwatoe, tunawaugulisha watoto. Wasiwasi huo una msingi, siwezi kuubeza. Lakini mwaka 2018 Julia de Bruyn, akiwa na Alders, Bagnol na wengine, alichapisha matokeo ya vijiji hivyo vya Manyoni: watoto wa nyumba zenye kuku walikuwa na nafuu ya kimo kwa umri wao, na nafuu hiyo haikutegemea kuku wanalala ndani au nje. Nafuu yenyewe si kubwa. Lakini nilipoisoma niliona mtu amekuja mpaka kwetu, akapima, akarudi na jibu ambalo halikuanza kwa kutuona wachafu. Si kila mtafiti anayekuja Singida hufanya hivyo. Mwandishi anayeandika hapa aliwahi kuhojiwa na mmoja aliyeziba pua.

Mwaka 2011 Australia ilimpa Alders nishani ya taifa lao, kwa utumishi wake katika tiba ya mifugo kama mtafiti na kama mwalimu. Nalipenda hilo neno mwalimu likiwa ndani ya nishani ya daktari. Maana fikiria, daktari wa kawaida anakuwa mkubwa kwa kujua kitu ambacho wengine hawakijui. Huyu kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mwanamke wa kijijini aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya jambo hilo bila yeye kuwepo.

Bila yeye kuwepo. Hapo ndipo shughuli ilipo, maana miradi huisha. Magari huondoka, fulana huchakaa zikawa matambara ya kudekia, na mdondo haujui kwamba ripoti ya mwisho imeandikwa. Ndiyo maana tangu mwanzo hawa watu walisisitiza mfugaji alipie chanjo, hata kama ni kidogo, ili mchanjaji apate cha kununulia chupa inayofuata. Wapo waliolalamika kwamba maskini hatakiwi kulipa. Mimi niko upande wa kulipa, mtaniwia radhi. Cha bure kwetu nimekiona mwisho wake.

Lakini kulipa nako kuna kamba zake. Chupa ina dozi nyingi na ikishachanganywa haikai. Mwenye kuku wanane hawezi kununua chupa peke yake, akitumia dozi nane nyingine anamwaga. Kwa hiyo lazima nyumba zijiunge, zote siku moja. Wakishindwa kukubaliana siku, hakuna chanjo. Halafu kuna duka. Mwaka juzi mama alinunua chanjo kwenye duka moja la pembejeo, jina naliacha, ambapo chupa zilikuwa zimepangwa dirishani kama soda, jua la saa nane likiziangalia. Muuzaji akamwambia hizi ni za kuvumilia joto, mama usiwe na wasiwasi. Kuku walichanjwa, tone kwa tone, vizuri kabisa, na mdondo ulipokuja wakafa kumi na mmoja. Majirani wakasema chanjo ni uongo. Kazi ya miaka ya walimu, mtu mmoja anaiua dirishani kwa uvivu wa kusogeza rafu.

Nilimsimulia baba mdogo habari zote hizi. Alisikiliza, akawasha redio, akaizima tena. Akasema jambo moja: kwamba miaka yake yote kazini hakuna mtu aliyewahi kumpa mafunzo ya kuku ya zaidi ya siku moja, na kwamba siku hizi yeye mwenyewe hana ng'ombe hata mmoja, ana kuku arobaini. Nikamuuliza nani anawachanja. Akanyoosha kidole nyumba ya tatu. "Yule mama muuza alizeti. Mimi macho hayaoni tena vizuri, tone langu linaangukia mgongoni."

Mama huyo nilimwona siku moja kabla ya kuondoka. Ana daftari la shule lenye orodha ya nyumba kumi na nne kwa raundi ya Septemba. Alisema zikifika ishirini ataagiza chupa, na safari hii ataifuata mwenyewe, hatamtuma mtu, na anakwenda na kitambaa chake. Mama yangu ameandikisha kuku wake. Mmoja wao ni mtetea mzee wa jicho moja, alipata kupofushwa na mwewe. Niliuliza huyo itakuwaje. Wote wawili wakanitazama kama mtu aliyesoma sana. Atachanjwa kwenye jicho lililobaki.